Ubao wa Globu na Pua ya Paka

Kwenye duka nililofanya kazi Kariakoo baada ya kumaliza chuo kikuu, globu haikutoka bila kujaribiwa. Nyuma ya kaunta kulikuwa na ubao uliopigiliwa holda za kila namna: za kupachika, za kuzungusha, mbili za tyubulaiti, na chini kabisa vibanio viwili vya kushikia zile taa ndefu nyembamba za nje, zinazofungwa kwenye kuta za magodauni na kuwaka kama jua la saa sita. Mteja akitaja anachotaka, unakitoa kwenye boksi, unakipachika, unawasha. Anaangalia, anasema "haya," unazima, unamfungia. Hata kama ana haraka. Mzee mwenye duka alikuwa akisema kwamba mteja akirudi na globu iliyokufa hamjui nani kaiua, lakini mkishaiona wote wawili ikiwaka, hakuna wa kumsingizia mwenzake.

Nilikuwa na shahada ya fizikia na sikuwa na pa kuipeleka. Waliotutangulia walimaliza chuo wakapangiwa: wewe wizara hii, wewe shirika lile. Tulipofika sisi, mashirika yalikuwa yanauzwa na wizara zinapunguza watu, na kila kitu tulichokipangia foleni utotoni kilikuwa kimemwagwa barabarani: sabuni, viatu, redio, globu. Namkumbuka mama akiifungua globu ya sebuleni na kuhamia nayo chumbani, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na moja. Sasa zilikuja kwa makontena, na nyingine zilifika zimeshakufa ndani ya boksi.

Mzee alikuwa Mhindu aliyezaliwa ghorofani, juu ya duka hilohilo alilolifungua baba yake. Alinichukua kwa sababu niliweza kusoma maandishi madogo na kumwambia wati na volti. Baada ya wiki mbili alimlalamikia mama yangu mdogo, niliyekuwa nikiishi kwake mtaa wa nyuma: "Binti yako kazi anaiweza. Lakini anauliza maswali kama polisi."

Sikumbishia. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini kila asubuhi anawasha kitaa cha mafuta mbele ya picha ya mungu wake wakati duka zima limejaa umeme. Alinijibu bila kugeuka kwamba mwanga ule mwingine ni wa kuuza.

Paka alikuwa mweupe mwili mzima, jike, mwenye masikio na pua ya rangi ya waridi. Mke wa mzee alimkuta ndani ya boksi tupu la tyubulaiti akiwa mdogo kama panya, akamlea. Mke alifariki miaka miwili kabla sijaanza kazi pale, paka akabaki. Asubuhi alipanda kwenye ukingo wa baraza ya juu akalala juani mpaka ukingo uunguze. Kisha alishuka dukani kulala ndani ya boksi lake, sakafuni, chini ya ubao wa kujaribia. Sikuwahi kumwona akikamata panya. Mzee alimwekea maziwa kwenye sahani ya marehemu na kumsemesha Kigujarati, maneno machache, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mtu mwingine yeyote.

Kidonda kilianza puani, mfano wa mkwaruzo. Kikakauka, kikafunguka, kikakauka tena. Mzee alikipaka manjano na samli. Mama mdogo alileta mafuta ya habasoda na kusema ni husuda ya paka wa jirani. Kufikia mfungo wa Ramadhani kidonda kilikuwa kimekula upande mmoja wa pua, na kingine kidogo kilikuwa kimechomoza kwenye ncha ya sikio la kushoto. Mzee aliacha kukitaja. Alihamishia kiti chake karibu na boksi, basi.

Ndipo siku moja akaingia mwanamume mwenye shati lililochanika mfukoni, akataka globu ya projekta ya slaidi.

Tulikuwa nayo moja, imekaa juu ya rafu kwa muda mrefu hadi boksi lake limepauka. Volti ishirini na nne. Kwenye ubao wetu ingepasuka.

"Haijaribiki," nilimwambia mzee.

"Basi haitoki," mzee alisema.

"Mzee wangu, mimi naichukua hivyohivyo," yule mtu alisema. "Ikifa, imekufa mikononi mwangu."

"Utasema hivyo leo. Kesho utakuja na maneno mengine."

Yule mtu akacheka. Alisema kliniki yake iko Gerezani, katikati ya mafundi wa gearboksi, si mbali. Atailetea globu mashine yake. Baada ya nusu saa alirudi na projekta ndani ya kikapu cha sokoni, pamoja na kipande cha kioo chekundu na chupa pana ya kioo iliyojaa maji. Akafunga globu kwa leso ili asiiguse kwa vidole, akaweka kioo chekundu mbele ya lenzi na chupa mbele ya kioo, akawasha. Ukutani, juu ya mabango ya betri, likatokea duara jekundu.

"Maji ya nini?" niliuliza.

"Yanameza joto. Sitaki kumuunguza mgonjwa. Nataka mwanga peke yake."

"Mgonjwa gani?"

"Mbwa."

Nilidhani ananitania. Lakini alikuwa daktari wa mifugo kweli. Alikuwa amefanya kazi serikalini akichanja ng'ombe, akapelekwa kusoma ng'ambo, na aliporudi alikuta imeruhusiwa daktari kama yeye kufungua kliniki yake mwenyewe. Ng'ambo, mwalimu wake alikuwa akijaribu kutibu kansa za ngozi za mbwa na paka kwa mwanga, na alimpa chupa chache za dawa aondoke nazo.

"Mwanga unatibuje kansa?" niliuliza. Mzee alikohoa, alijua tumeanza.

Daktari hakuharakisha. Alisema dawa yenyewe, ukimchoma mnyama mshipani, haifanyi kitu. Inazunguka mwilini, inakaa. Baada ya siku mbili imeanza kutoka sehemu nyingine lakini kwenye uvimbe inachelewa, inang'ang'ania. Ndipo unamulika. Mwanga ukiigusa dawa, dawa inaamka na kuiharibu chembe hai ya uvimbe ambamo imo. Pasipo na mwanga, imelala. Pasipo na dawa, mwanga ni mwanga tu.

"Kwa nini mwekundu?"

Alichukua tochi kwenye kaunta, akaibana kwenye kiganja changu na kuiwasha. Nyama ya vidole vyangu ikawaka nyekundu. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utotoni, watoto wote huchezea tochi, na nilikuwa nimesoma miaka mitatu habari za mawimbi ya mwanga, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kiganja hakiwaki kijani.

"Rangi nyingine zinaishia kwenye ngozi," alisema. "Nyekundu ndiyo inayopenya. Na yenyewe haifiki mbali. Unene wa kidole, hata haufiki."

"Na uvimbe ukiwa mnene kuliko hapo?"

"Anakufa. Nimemtibu mbwa mmoja wa Upanga, alikuwa na uvimbe mdomoni. Juu ulikauka vizuri kabisa, mwenyewe akaniletea na keki. Chini uliendelea."

Jibu hilo lilinifanya nimsikilize. Mtu anayetaka kukuuzia kitu haanzi na mbwa aliyekufa. Wakati huohuo paka aliinua kichwa kutoka kwenye boksi, na daktari akamwona. Alichuchumaa, akamshika kidevu, akageuza ile pua kuelekea mlangoni.

"Huyu analala juani?"

"Kila asubuhi," mzee alisema.

"Hawa weupe wana ngozi isiyo na kinga. Ni jua lililomfanya hivi."

Mzee akasema polepole: "Jua limemla, na wewe unataka kumtibu kwa taa."

"Au nikate pua. Wapo wanaoishi bila pua. Au nimchome sindano alale moja kwa moja, asiteseke."

"Hiyo ya mwisho usiirudie hapa dukani," mzee alisema. "Mimi sitoi roho. Na hiyo ya pili, atanusaje maziwa?"

Daktari akaondoka na globu yake, iliyojaribiwa. Jioni, tulipokuwa tunashusha mlango wa chuma, mzee aliniuliza: "Wewe umesoma. Unaliamini jambo hili?"

"Siliamini," nilisema. "Lakini nataka kuliona."

"Walau husemi uongo," akasema.

Nimelirudia jibu langu mara nyingi tangu siku ile. Halikuwa uongo. Ila yeye alikuwa akiuliza juu ya paka, na mimi nilijibu juu ya mwanga.

Paka alichomwa dawa siku ya Jumatatu, na Jumatano tulimpeleka Gerezani ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa cheusi. Kliniki ilikuwa chumba kimoja. Ukuta wa jirani mafundi walikuwa wakigonga chuma, na kila kishindo projekta ilitetemeka mezani. Daktari alimpiga paka nusukaputi, akamfunika macho kwa pamba na karatasi ya fedha ya sigara, akafunika uso wote kwa kitambaa chenye tundu la ukubwa wa shilingi. Ndani ya tundu ilibaki pua. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu dakika kwa saa ya mkononi. Mzee alisimama mlangoni akiwapa mgongo mafundi, kana kwamba wakimwona paka wataharibu kitu.

Sikuona ajabu yoyote. Duara jekundu lilikaa juu ya pua na paka akapumua. Nilitegemea moshi labda, au harufu. Dakika zikapita. Niliuliza daktari anajuaje kama inafanya kazi, akasema hajui, atajua kesho kutwa. Tulipomaliza pua alisogeza tundu kwenda kwenye sikio, na hapo umeme ukakatika. Ilikuwa miezi ya mgawo. Tulikuwa tumepewa mpaka saa nane na haikuwa imefika.

"Sikio litasubiri," daktari alisema. Kisha akatupa masharti, akimtazama mzee lakini akiniambia mimi. "Dawa bado imo mwilini. Wiki nne asione jua. Jua likimpata, ngozi yote itafanya kama pua."

Hakuna jua lililopewa heshima kama lile. Tuliziba dirisha la ngazi kwa sari ya marehemu, ya rangi ya zambarau iliyoiva. Mlango wa baraza ya juu mzee aliupigilia msumari. Nyufa za mbao niliziziba kwa vipande vya maboksi, nikitambaa kwa magoti na kutafuta kila mshale wa mwanga, na niliona raha kidogo: hatimaye fizikia yangu ilikuwa na kazi. Mzee aliuliza kama kitaa cha mafuta kina madhara, awe anakiwashia stoo. Daktari alisema mwanga mdogo wa ndani hauna neno, hata unasaidia kuimaliza dawa polepole. Siku ya tatu pua ilivimba, ikawa nyeusi kama lami, na daktari akasema ndivyo uvimbe unavyokufa, akafurahi kama mtu aliyeona mtoto wake anasimama.

Kisha mgawo ukalegezwa. Siku ya tisa umeme ulikuja asubuhi ukakaa, na mafundi wote wa Kariakoo waliokuwa wamekaa bure wakakumbuka kwamba wana kazi. Zamu ya mtaa wetu ilikuwa ya usiku, tulikuwa tumekaa siku nyingi bila kujaribu kitu; mchana ule kaunta haikuonekana kwa mikono. Kila mwenye godauni alitaka taa kubwa za nje kabla giza halijarudi. Nilipachika, nikawasha, nikazima, nikapachika. Wengine walitaka waione ikikaa, isije ikawa ya kuzima baada ya dakika. Paka alikuwa ndani, salama, kwenye boksi lake.

Jioni tulimkuta anajipangusa uso kwa miguu yote miwili ya mbele bila kuacha. Masikio yalikuwa yamevimba kama maandazi, mekundu. Macho hayakufunguka. Mzee alipomgusa, alilia sauti ambayo sikujua paka anayo.

Nilifanya nilichozoea kufanya: nilitafuta kosa. Kwanza nikamfikiria daktari na dawa yake ya chupani ambayo hakuna mtu mwingine mjini aliyewahi kuisikia. Kisha nikamfikiria mzee, kwa sababu niliwahi kumwona amesimama mbele ya ule mlango wa baraza, mkono kwenye msumari.

"Mzee, umemtoa nje?"

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Alinitazama tu, na akauliza: "Mimi?"

Daktari alifika asubuhi yake, kabla msongamano haujaanza. Alimchoma paka sindano ya kupunguza uvimbe, akampaka dawa machoni. Alikagua dirisha, sari, mlango. Akasema pamezibwa vizuri kuliko alivyotegemea. Nikasikia fahari, na nikaona aibu ya kuisikia.

"Basi anakaa wapi mchana?"

"Hapo," tukasema pamoja, tukionyesha boksi.

Wakati huo fundi mmoja mteja wetu, kijana wa maneno mengi, alikuwa ameegemea kaunta. "Dada msomi, mambo?"

"Poa."

"Nasikia paka wenu anaoteshwa pua mpya. Akipona mniambie, nina shemeji yangu pua yake haijatulia. Haya nipe ile ndefu, ya wati mia tano."

Nikaitoa, nikainama, nikaibana kwenye vibanio vya chini kama nilivyofanya mara mia. Mkono ulikuwa swichini daktari aliposema, "Ngoja."

Alikuwa ameliangalia boksi, kisha vibanio, kisha boksi. Kati yao palikuwa na umbali wa mkono wangu mmoja.

"Jana mlijaribu ngapi za hizi?"

Niliondoa mkono swichini. Fundi alitutazama mmoja mmoja. "Kwani kuna nini? Si taa tu?"

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Daktari alisema jua, nasi tukaziba jua. Yeye hakujua sisi tunafanya kazi vipi; alijaribu globu yake moja kwa mashine yake mwenyewe, siku moja, akaondoka. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa nimeuliza kuhusu maji, kuhusu rangi, kuhusu mbwa wa Upanga. Nilikuwa nimeandika kwenye mitihani kwamba mwanga wa taa na mwanga wa jua ni ukoo mmoja. Na mchana kutwa nilikuwa nimemmulika yule paka kwa mkono wangu, tena na tena, kwa sababu mwanga wa ubaoni kwetu haukuwa mwanga. Ulikuwa bidhaa.

Nilimwambia mzee ni mimi niliyeziwasha zile taa. Nilimwambia pia nimekosea kumsingizia.

"Tuliwasha wote," alisema. Baadaye kidogo akaongeza: "Mlango nilitaka kuufungua. Mara mbili. Alikuwa analia pale chini yake."

Siku mbili paka hakula. Boksi lilihamishiwa chini ya ngazi, penye giza, na mzee akahamia huko na kiti chake, akaniachia duka. Nilisikia Kigujarati chake kupitia ukutani, kisha kimya, kisha tena. Wateja niliwajaribia globu nikiwa nimeukinga ubao kwa mwili wangu, ingawa hapakuwa na kitu tena pale sakafuni. Siku ya tatu mzee alitokea mlangoni na sahani tupu mkononi. Aliisuuza mwenyewe.

Baada ya wiki ya tano kigaga cheusi cha puani kilidondoka. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, nyororo, na pua iliyopinda kidogo, kama ya mtu anayedharau jambo. Ngozi ya masikio ilikuwa imechunika na kurudi. Sikio la kushoto lilipoteza ncha, na pamoja na ncha kile kidonda cha pili, ambacho projekta haikuwahi kukigusa.

Daktari alimgeuza chini ya dirisha, mara hii bila woga. "Unaona? Mmelitibu sikio bila kujua. Taa zenu zina nyekundu ndani yake, na dawa ilikuwa bado imo. Hili nitaliandika."

"Utaandika nini?" niliuliza. "Taa ngapi? Dakika ngapi? Umbali gani?"

"Umbali naujua."

"Na huenda ncha imeungua tu, kidonda kikaondoka nayo. Ungekata kwa mkasi ingekuwa hivyohivyo."

"Huenda," alikubali.

"Na pua hujui kama itarudi."

"Sijui. Inaweza kurudi mwakani. Nitamwangalia." Akamgeukia mzee. "Huyu binti ulimtoa wapi?"

"Alikuja mwenyewe," mzee alisema. "Paka naye alikuja mwenyewe."

Daktari alinipa karatasi zake za ng'ambo nisome, kurasa zenye picha za pua za paka kabla na baada, na nikazisoma dukani nikiwa nimezichomeka ndani ya daftari la oda. Nilikuwa na maswali kila ukurasa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu chuo maswali yangu kunielekeza mahali, badala ya kunizungusha.

Boksi halikukaa chini ya ngazi. Tulimrudisha paka huko kila asubuhi, na kila mchana alirudi chini ya ubao, kwenye sakafu tupu, mpaka mzee akashindwa na kumrudishia boksi lake. Lakini alilitengenezea kifuniko kwa gamba la katoni, kimefungwa kwa uzi upande mmoja. Sheria ya duka ikaongezeka kipande: kabla ya kujaribu taa kubwa, unainama, unafunika, ndipo unawasha. Wateja walizoea. Yule fundi mwenye maneno akawa anasema kabla sijatoa taa kwenye boksi lake: "Funika mtoto kwanza."

Miezi ilipita. Siku moja mchana, duka likiwa tupu, nilimwambia mzee kwamba dawa ilishatoka mwilini zamani. Taa za ubaoni sasa hazimdhuru zaidi ya zinavyotudhuru sisi. Tungeweza kuliondoa lile gamba, linatuchelewesha.

Mzee alikuwa anafuta vumbi kwenye tyubulaiti, moja moja.

"Una hakika?" aliuliza.

Nilifikiria zile kurasa, na wanyama waliopigwa picha, wachache, wa nchi nyingine, chini ya jua jingine. Akaingia mteja, akataka taa ya nje, ya wati mia tano. Niliitoa kwenye boksi, nikainama, nikafunika, nikawasha.